Kipande cha Mahameli Chini ya Khanga

Nyumbani kwa Wilhelmina, nyuma ya soko la Bariadi, hakukuwa na shimo la taka. Jirani zake wote walikuwa nalo. Yeye ukimuuliza taka zake anatupa wapi, alikutazama kana kwamba umemuuliza mbuzi wake anasoma darasa la ngapi.

"Taka gani?" angesema.

Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye mchicha. Mabua ya pamba aliyapikia, na majivu yake akayachuja kupata magadi ya mboga, na yaliyobaki akasugulia masufuria. Maganda ya viazi yalikuwa ya mbuzi. Shati la mumewe likichakaa kola, aliigeuza kola. Likichakaa mgongo, alilikata likawa foronya. Foronya ikitoboka, aliikata vipande vya kushonea mfarishi. Na mfarishi ukizeeka, kitambaa kile kile cha shati kilimalizia siku zake kama utambi wa kibatari. Mumewe alifariki mwaka themanini na tisa. Mashati yake yalikuwa bado yanafanya kazi miaka sita baadaye.

Mfarishi wa Wilhelmina watu wa mtaa ule waliujua vizuri. Ni blanketi la vipande, mia na zaidi, vilivyounganishwa kwa mkono juu na chini, na katikati limejazwa pamba. Pamba yenyewe ilikuwa fifi, ile ya daraja la pili yenye madoa ambayo karani wa mizani huitazama kwa kukunja pua. Wilhelmina aliichambua mbegu kwa vidole, akaitandaza, kisha akaishindilia kwa mishono midogo midogo iliyokwenda kwa mistari kama matuta ya shamba. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nguo zilipoadimika hadi watu wazima wakashona suruali za magunia, mifarishi hiyo ililaza watoto wa nusu ya mtaa. Wakati huo hakuna aliyecheka kiraka.

Kisha milango ikafunguliwa. Tuliambiwa soko sasa ni huru, na uhuru huo ulifika Bariadi juu ya malori, umefungwa kwa mikanda ya plastiki: marobota ya mitumba, makoti ya baridi ambayo Bariadi haina, blanketi zilizochokwa na watu wa mbali. Blanketi moja lilikwenda kwa bei ya kuku wawili. Mifuko ya nailoni ilikuja nayo, na baada ya misimu miwili ilikuwa inaning'inia kwenye miiba ya migunga njia nzima ya kwenda Sapiwi, kama maua ya mti usiojulikana. Nani angekaa miezi miwili akisubiri mfarishi? Wateja wa Wilhelmina walipungua hadi wakaisha, na yeye aliyeitwa Mama Sayi akapewa jina jipya: Mama Viraka.

"Mama Viraka," Ng'washi, jirani yake mwenye mdomo mwepesi, alimwambia siku moja wakiwa wamepanga ndoo bombani, "wewe hata sanda yako utaishona mwenyewe, kipande cha gauni, kipande cha pazia!"

Wanawake waliangua kicheko. Wilhelmina naye alicheka, tena kwa sauti, ili wasione. Lakini alipofika nyumbani alitua ndoo akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono imelegea mapajani, akaitazama mifarishi mitatu iliyokunjwa kwenye kona bila mwenyewe. Kitu alichokuwa akijivunia maisha yake yote kilikuwa kimegeuka utani wa bombani.

Ndiyo maana Bi Winnie alipokuja, alikuja kama mvua.

Bi Winnie alikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii, binti mdogo tu, mwenye pikipiki ya ofisi na daftari kubwa. Aliingia uani, akakataa kiti, akazunguka akitazama mchicha, magadi, mbuzi, kapu la ukindu lililofumwa upya mpini mara tatu.

"Mama, unajua wewe ni mtaalamu wa mazingira?"

"Mimi? Mimi nimeishia darasa la nne."

"Huku kwenye semina tunalipwa posho tufundishwe haya unayofanya." Alicheka, kisha akasema kilichomleta. Mwezi wa saba kutakuwa na maonyesho ya wilaya, na mgeni rasmi atatoka mkoani Shinyanga. Banda la akina mama lilitaka kitu cha kuning'iniza mbele. "Nataka mfarishi, mama. Mkubwa. Mtu akipita asimame."

Wilhelmina hakulala vizuri siku ile kwa furaha. Alikuwa na wiki sita. Alijua ataushona vipi: duara baada ya duara, kuanzia rangi hafifu pembeni hadi rangi nzito katikati, na pale katikati kabisa kitu cha kumkamata mtu macho.

Tatizo lilikuwa vipande. Zamani mabaraza ya mafundi sokoni yalijaa vipande sakafuni, na wao walifurahi akija kuwafagilia. Sasa mafundi walikuwa wanapunguza viuno vya suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Kitambaa kipya kilikuwa hakikatwi, kwa hiyo hakuna kilichoanguka. Soko huria lilikuwa limewajaza watu nguo na kumnyima yeye mabaki. Alizunguka wiki mbili akapata bitana na kola zilizochakaa. Duara za nje zilikamilika kwa nguo zake mwenyewe. Katikati palibaki wazi.

Fundi mmoja tu aliyekuwa bado anakata kitambaa kipya alikuwa Mzee Mayala.

Mayala alikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza la duka la vyombo, mahali pale pale kwa miaka thelathini na mbili. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Wilhelmina, na wao wawili waliitana shemeji. Kila mtu anajua fundi cherehani hula kitambaa. Unampelekea yadi tatu, anakwambia hazikutosha, na baada ya mwezi unaona mtoto wake amevaa kaptura ya gauni lako. Ndiyo sababu wanawake wenye akili walikaa na fundi hadi amalize kukata, macho kwenye mkasi. Kwa Mayala hakuna aliyekaa. Ulimwachia kitambaa ukaenda Lamadi kununua samaki, ukakaa wiki nzima, ukirudi unakuta nguo yako imekunjwa, na ndani yake mabaki yote, hata yenye upana wa kidole gumba, yamefungwa kwa uzi wa rangi ile ile.

"Kitambaa kina mwenyewe," alikuwa anasema, basi.

Hiyo ndiyo mali yake yote, zaidi ya cherehani. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, na mikono haikuwa na kasi ya zamani. Bibi harusi na kwaya bado walikwenda kwake kwa sababu ya jina tu.

Asubuhi ile Wilhelmina alipita hapo akiwa na kapu lake la mchicha, akapiga magoti kidogo kumwamkia.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Kaa, kaa. Njoo uone kazi ya matajiri."

Kwenye meza palikuwa na mahameli. Wilhelmina alikuwa hajawahi kuishika mahameli. Ilikuwa ya rangi ya zambarau zilizoiva, na ukipitisha kiganja upande huu inang'aa, upande ule inazama kama usiku. Ilikuwa ya Novatus, aliyekuwa karani wa ushirika zamani na sasa, baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa, alikuwa na mizani yake na lori lake. Binti yake alikuwa anaolewa. Mayala alikuwa amemaliza kukata, vipande vya gauni vimepangwa chini ya jiwe, na kando yake lilikuwepo baki moja, urefu wa mkono na upana wa shubiri mbili.

"Nimemwambia Novatus imebaki zaidi ya nusu yadi," alisema Mayala. "Ameniuliza, 'Mzee, kwa nini unaniambia?' Ha! Watu wamezoea kuibiwa, ukiwarudishia wanashtuka." Akasimama, akajifuta jicho kwa leso. "Shemeji, niangalizie hapa kidogo. Zahanati wananiwekea dawa ya macho, na saa sita wanafunga."

Akaondoka, akipapasa ukuta wa baraza kwa mkono mmoja.

Wilhelmina alikaa na mahameli ile. Kwanza aliitazama. Halafu aliigusa. Halafu mawazo yakaanza kuja, nayo yalikuja yamevaa nguo zake nzuri za kila siku. Novatus atafanyia nini nusu yadi? Ataitupa. Mke wake atafutia vumbi kabati. Kitu kizuri kitaoza kwenye nyumba yenye shimo la taka kubwa kuliko kisima, wakati katikati ya mfarishi wake pako wazi. Maisha yake yote alikuwa ameokota kilichotupwa. Sasa alijisamehe mapema kwa kuokota kilichokuwa bado hakijatupwa.

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaikunja, akaiweka chini ya mchicha.

Ni mtazamo ule wa kulia na kushoto uliokuja kumtesa baadaye. Aokotaye hatazami pembeni.

Mayala alirudi jicho moja limelowa, akakaa kwenye cherehani, na kwa macho yale hakuona pengo juu ya meza.

"Wabeja, shemeji, asante sana. Angekuwa mwingine nisingeacha kitambaa cha watu peke yake."

"Ah, shemeji, kazi gani hiyo," alisema Wilhelmina, akanyanyua kapu.

Aliishona siku hiyo hiyo. Mahameli ilikaa katikati ya zile duara kama jicho la ng'ombe, kubwa na nyeusi yenye mwanga ndani. Alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama, na kwa saa chache alikuwa na furaha kamili.

Siku ya nne alikuwa sokoni akichagua chumvi aliposikia sauti ya Novatus. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuwa anacheka.

"Mzee, gauni zuri, sina neno. Ila mke wangu anataka lile baki amshonee mdogo wake bibi harusi kikoti. Uliniambia zaidi ya nusu yadi."

Mayala alifungua furushi la gauni, akalikung'uta. Akapekua kikapu cha vifungo. Akapiga magoti akapapasa chini ya cherehani, mzee wa miaka sitini na saba, kichwa chini ya meza, huku watu wanakusanyika. Akainua mto wa kiti, akaukamua kana kwamba kitambaa kinaweza kutoka kama maji.

"Kilikuwa hapa."

"Kilikuwa," alisema Novatus, akimpiga bega taratibu. "Basi, mzee, usihangaike. Maisha yamepanda, najua. Na wewe umeanza kula kama wenzako."

Fundi wa baraza la pili, aliyekuwa anabadilisha zipu, aliinua mkasi wake juu. "Karibu mezani, mzee! Tulikuwekea kiti siku nyingi!"

Soko lilicheka. Wilhelmina alikuwa nyuma ya meza ya chumvi, kilo moja mkononi, hatua kumi na tano kutoka pale. Alizihesabu hizo hatua wakati ule, na alizihesabu tena mara nyingi. Angezitembea, mambo yangeishia hapo. Alizunguka nyuma ya vitunguu akaenda nyumbani.

Kesho yake Mayala alikuja uani kwake. Hakuwahi kuacha cherehani siku ya kazi. Wilhelmina alimwona mlangoni, akautupia mfarishi gunia juu.

"Sikai, shemeji," alisema Mayala. "Nimekuja na swali moja. Siku ile uliponiangalizia, hukuona mtu akisogea? Hata mtoto?"

Sasa hapa palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni yeye aliyeibiwa.

"Sikuona mtu, shemeji," alisema Wilhelmina.

Na ilikuwa kweli, kwa maneno. Mayala aliitika kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari.

"Basi ni mimi mwenyewe. Nimekitupa, au nimemfungia mtu mwingine. Jicho hili limeanza, na sasa na kichwa." Akagusa paji la uso wake kwa kidole. "Ukinisikia nasema jambo la ajabu, shemeji, uniambie. Usinifiche. Sina mwingine wa kuniambia."

Alipoondoka Wilhelmina aliingia ndani, akaondoa gunia, akautazama mfarishi. Mahameli ilimtazama na yeye. Angeweza kuifumua jioni ile. Badala yake alichukua kipande cha khanga yake mwenyewe, akakiweka juu ya mahameli, akakishona pande zote nne kwa mishono midogo kuliko yote aliyowahi kushona, hadi haikuonekana tena. Alijiambia kuifumua kungeharibu pamba ya katikati na maonyesho yamekaribia. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu alijiambia mwenyewe.

Wiki tatu zilipita. Kwaya ya parokia ilipeleka vitambaa vyake kwa fundi mwingine. Mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa amemwachia Mayala kitambaa alikuja akakichukua kabla hakijakatwa, kwa adabu, akisema safari imeahirishwa. Wengine walioendelea kuja walileta kitu kipya pamoja na kitambaa: walileta macho. Walikaa mbele yake kwenye benchi wakamtazama akikata. Kila mara Wilhelmina alipopita alikuta mtu amekaa kwenye lile benchi, na Mayala ameinama, anapima mara mbili mbili kabla ya kukata, kwa sababu miaka thelathini na mbili hakuwahi kukata akiangaliwa.

Siku ya maonyesho mfarishi ulining'inia mbele ya banda. Watu walisimama, kama Bi Winnie alivyotaka. Mgeni rasmi alisimama. Ng'washi wa bombani alisimama, akasema, "Kumbe viraka navyo ni mali!" na safari hii kulikuwa hakuna kejeli ndani yake. Bi Winnie alimvuta Wilhelmina mbele, akamnong'oneza aseme mawili matatu.

"Kwangu," alisema Wilhelmina, "kwangu hakitupwi kitu."

Wakapiga makofi. Alipewa zawadi ya doti ya khanga na beseni la plastiki, kwa kuwa mtunzaji bora wa mazingira katika wilaya. Naam, beseni la plastiki. Ndivyo tulivyokuwa tunafikiri wakati ule, na sina hakika kama tumeacha.

Mayala alikuja alasiri, watu walipopungua. Alikuwa amevaa koti lake la harusi na misiba. Alisogeza uso karibu na mfarishi, kisha akaacha kutegemea macho akatumia vidole. Vilipita juu ya bitana, juu ya kola za mashati, duara moja, duara la pili, vikitaja kwa kimya kila kitambaa. Vikafika katikati. Vikasimama juu ya khanga. Kidole gumba kilibonyeza, kikasugua upande huu, kikasugua upande ule.

Fundi wa miaka thelathini na mbili hahitaji kuiona mahameli.

Wilhelmina alisimama kando, beseni kifuani. Alisubiri. Palikuwa na watu saba au nane karibu. Neno moja tu la Mayala lingetosha.

Mayala aliondoa mkono. Akawageukia wale watu.

"Tazameni mshono huu," alisema. "Hata cherehani yangu haishoni hivi."

Kisha akamwambia yeye, "Hongera, mayu."

Mayu ni neno la heshima. Kila mwanamke mtu mzima huitwa mayu, hata usiyemjua, hata unayemuuliza njia. Miaka thelathini Mayala alikuwa amemwita shemeji. Aliondoka, mkono ukitafuta nguzo ya banda, na Wilhelmina hakuweza kumwita, kwa sababu angemwita kwa jina gani?

Aibu iliyokuwepo kabla ya hapo ilikuwa ya kuogopa kujulikana. Hii ya sasa ilikuwa nyingine. Alikuwa amejulikana, na aliyemjua alikuwa amemfunika, kama yeye alivyoifunika mahameli. Hakula siku ile. Beseni aliliweka nje ya mlango, hakutaka kuliona ndani.

Jumapili baada ya misa alikaa uani, jua likiwa juu, akafumua. Alikata uzi mmoja mmoja. Pamba fifi ilichomoza katikati kama ngozi iliyochubuka. Mahameli ilitoka na alama za sindano pembeni na mkunjo uliokataa kunyooka.

Jumatatu asubuhi Bi Winnie alikuja kuuchukua mfarishi uende kuonyeshwa mkoani Shinyanga. Aliona tundu. Wilhelmina alimweleza yote, bila kukaa. Bi Winnie alisikiliza, akatazama saa yake.

"Lakini mama, si ungeweka tu kiraka kingine? Nani angejua?"

"Wewe hukunisikia," alisema Wilhelmina, akachukua kapu lake akatoka.

Msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto. Kwenye mizani ya Novatus watu walipanga foleni na mikokoteni ya ng'ombe, wamekaa juu ya matumba, yale magunia makubwa ya pamba, wanabishana juu ya daraja, wanamtania karani. Ng'washi naye alikuwepo. Novatus alikuwa kwenye kiti chini ya turubai, kalamu sikioni. Wilhelmina alipiga goti kidogo, akatoa mahameli ndani ya kapu, akaiweka juu ya meza yake.

"Hiki ni chako. Mzee Mayala hakula kitambaa. Nilikichukua mimi."

Novatus alikitazama kipande, akalazimika kufikiri.

"Ah! Cha gauni la harusi! Mama, mimi nilishasahau hiyo habari."

Alikuwa amesahau. Alikuwa amelivunja jina la mtu kwa utani wa asubuhi, akaenda kunywa chai, akasahau. Huyu ndiye mtu mpya tuliyeletewa, mwenye kuhesabu kila kilo ya mkulima na kutohesabu neno lake mwenyewe. Lakini Wilhelmina hakuwa na haki ya kumkasirikia, na alilijua hilo pia.

"Wewe umesahau. Soko halijasahau. Nenda ukaseme kule barazani kwake."

"Mama, na foleni yote hii?"

Karani wa mizani aliinua kichwa. "Kumbe mzee alikuuzia wewe! Alikuuzia shilingi ngapi?"

"Hakuniuzia. Nimesema nilichukua."

"Mama Sayi huyo," alisema mwanamume mmoja juu ya tumba, akitabasamu, "ana huruma. Anataka kumbebea mzee mzigo. Kila mtu anajua Mama Sayi haibi."

"Na mzee ni rafiki wa nyumba ile," aliongeza mwingine. "Mwache amfunike."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha kumpenda. Wilhelmina alikuwa amekuja kumrudishia mtu jina, na sasa jina lake mwenyewe jema lilikuwa limesimama mlangoni, limezuia. Dakika mbili zaidi, na Mayala angekuwa si mla kitambaa tu, angekuwa mwuza kitambaa cha wateja, na mama mwema wa kumtetea.

Angeweza kuondoka. Alikuwa amesema kweli. Wasipoamini, kosa si lake. Wazo hilo lilimjia, na alilitambua: lilikuwa ndugu wa lile wazo la kwamba mahameli itatupwa bure.

"Nisikilizeni," alisema. Akavua kilemba, sijui kwa nini, akakishika mkononi kama mtu aliye msibani. "Mzee alikwenda kuwekewa dawa ya macho. Aliniambia, shemeji, niangalizie. Alipoondoka nilitazama kulia na kushoto, nikakiweka chini ya mchicha. Alirudi akanishukuru. Nikaitikia. Siku mnamcheka pale sokoni nilikuwepo, nyuma ya chumvi. Nilimwona amepiga magoti chini ya meza. Kesho yake alikuja kwangu kuniuliza kama niliona mtu. Nikamwambia sikuona mtu. Akasema, basi mimi nimeanza kuwa punguani, na nikamwacha aende nyumbani akiamini hivyo. Nilikuwa na kitambaa nyuma yangu chini ya gunia."

Hakuna aliyecheka tena.

"Halafu nikakishonea khanga juu, nikakipeleka kwenye maonyesho, mkanipigia makofi. Alikuja akakigusa. Akajua. Akaniambia hongera."

Ng'washi, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa mkokoteni karibu naye, alijisogeza upande wa pili. Alijisogeza tu, kidogo, kama mtu anavyompisha mwenye maji machafu. Hapo Wilhelmina alijua wamemwamini. Wizi wasingeuamini kamwe. Ile ya kumwacha mzee aamini kichwa chake kimeharibika, hiyo hakuna mtu anayejisingizia.

"Haya," alisema Novatus, akiitoa kalamu sikioni na kuirudisha. "Nimesikia. Tutapita kwa mzee."

Hakupita, lakini haikuhitajika. Foleni ile ilikuwa na watu wa Sapiwi, wa Mwamanyili, wa kila upande, na midomo yao ilifika sokoni kabla ya Wilhelmina mwenyewe. Alipofika barazani, fundi wa zipu alikuwa ameacha kazi, anatazama miguu yake. Kwenye benchi la Mayala, lile la kumlinda, hakukuwa na mtu.

"Mwadila," alisema Wilhelmina kwa salamu ya mchana, akipiga magoti, safari hii hadi chini kabisa.

"Mwadila, mayu."

Alikuwa anapiga pindo. Hakusimamisha gurudumu.

"Nimeshasema kwa watu. Nilipaswa kukwambia wewe kwanza. Niliogopa."

"Nimeambiwa umesema." Pindo lilifika mwisho, akakata uzi kwa meno. "Yale ya kunitetea sikuhitaji sana. Nimezeeka, mikono yangu ingeniacha tu mwaka huu au mwakani. Ila wiki tatu, kila usiku, nilikuwa namwambia mke wangu anifungie mlango kwa nje, nisije nikatoka nikapotea. Nilidhani nimekwisha."

Wilhelmina alikuwa bado amepiga magoti. Mayala hakumwambia inuka, wala hakumwambia ondoka. Alichukua kitambaa kingine akakiweka chini ya sindano. Wilhelmina aliposikia miguu imekufa ganzi, aliinuka mwenyewe akaenda.

Kwaya ilirudi kwa Mayala kabla ya Krismasi. Benchi likabaki tupu. Watu waliacha vitambaa wakaenda zao kama zamani. Wilhelmina aliliziba tundu la mfarishi kwa kipande cha gunia, na hakuna mtu aliyeomba kuununua. Mafundi wengine hawakumfukuza. Alipopita na kapu lake walimpa mabaki kama walivyompa siku zote, ila sasa hakuna aliyemwacha aokote mwenyewe sakafuni. Walimwambia asubiri nje ya baraza. Waliokota wao, wakampa mkononi, wakivitaja kimoja kimoja, hiki cha nani na hiki cha nani, huku wanamtazama. Alivipokea kwa mikono miwili, akavitaja nao kwa sauti, hadi cha mwisho, ndipo akaviweka kapuni.